Kiti cha Wasio na Upande

Arlys Vondra alikuwa hajawahi kumwambia mtu hapana. Nimemjua tangu nilipokuja Kessler, mji huu mdogo wa wakulima, kuolewa, na nimemsikia akisema "labda", "tutaona", "hilo nalo ni wazo", na siku akikasirika kupita kiasi, "haya". Hapana yenyewe nilikuwa sijaisikia. Ukimpelekea supu yenye chumvi ya kuua ng'ombe atasema ina ladha yake. Mwuza bima akimgongea mlango atakaribishwa kahawa mpaka aone haya mwenyewe aondoke.

Watu wa hapa wanaiita hiyo tabia njema. Mimi nilizaliwa jijini Omaha, katika familia ya watu wanaogombana mezani na kupatana kabla sahani hazijaoshwa. Nimezika mume hapa, nimeendesha basi la shule mpaka watoto niliowabeba wakaanza kuniletea watoto wao, na bado naitwa "yule Roxie wa Omaha". Kwa hiyo nikisema kwamba hiyo tabia njema ndiyo iliyotumaliza, hakuna atakayeshangaa.

Arlys alizaliwa shambani, kaskazini ya mji, mtoto wa mwisho katika nyumba ya mabinti. Babu zake walikuja kutoka Ucheki na jembe na mapishi, na katika mapishi hayo lililobaki ni kolache, kimkate laini chenye plamu katikati, ambacho Arlys anakioka vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kuonja mkono wake. Lakini mezani kwao kulikuwa na sheria, na sheria hiyo ndiyo ya mji mzima: kolache ya mwisho haichukuliwi. Ikibaki moja sahanini, mmoja ataikata nusu na kuapa kwamba ameshiba. Mwingine ataikata ile nusu. Atakuja wa tatu akate ile robo, mpaka kinabaki kipande cha kumtosha panya, nacho kinatupwa. Nimeona kolache nyingi nzuri zikifa kifo hicho, na kila mara moyo huniuma.

Aliolewa na Emil Vondra, mwenye duka. Duka la Vondra liko kwenye kona, la matofali, ghorofa ya juu tupu tangu zamani, dari imeanguka, haikaliki. Mbele kuna mboga na makopo, ubavuni kaunta ya nyama, nyuma kuna meza chache ambapo wanaume hunywa kahawa asubuhi na kusema uongo kuhusu mvua. Ndilo duka pekee. Likifungwa, ukitaka maziwa unaendesha gari mpaka mji mwingine, na majira ya baridi barabara hiyo imewahi kutuulia watu.

Emil alianguka palepale kwenye kaunta ya nyama, aproni mwilini. Aliyekuwa wa kwanza kufika ni Gaylen Hruska, anayekaa ng'ambo ya barabara. Gaylen alimfumba macho, akafunga duka, akaosha kaunta kwa mikono yake ili Arlys asije akaikuta ilivyo. Alikuwa mbele kabisa wakati wa kubeba jeneza. Na tangu mwaka huo, theluji ikianguka, Arlys akiamka anakuta njia imeshasafishwa hadi mlangoni pa duka. Hajawahi kumwona akiisafisha. Gaylen hataki kushukuriwa. Ukimshukuru anatazama viatu vyake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sitaki mtu afikiri nasimulia habari ya mtu mbaya. Ingekuwa hivyo, mambo yangekuwa rahisi.

Ila Gaylen ana nyumba. Kila mzee aliyekufa katika ukoo wake alimwachia moja, na nyingine alizinunua watu walipohama, kwa huruma tu. Zote amezifunga. Nzuri kuliko zote ni ya mama yake, nyeupe, yenye ukumbi wa mbele, unaiona ukisimama kwenye dirisha la duka. Paa lake ni zima. Kila majira ya kupukutika Gaylen anakwenda kuondoa majani kwenye mifereji ya paa, halafu anafunga tena. Zamani kidogo mwalimu wa hesabu aliyehamia kwetu alimwomba ampangishe. Gaylen akatazama viatu vyake, akasema, "Nitafikiria." Kwa Kessler, nitafikiria maana yake nenda salama. Mwalimu akaenda salama, na shule ikabaki bila mwalimu wa hesabu. Tangu hapo ikawa inajulikana kwamba Gaylen hauzi wala hapangishi, kama inavyojulikana kwamba upepo hutoka magharibi.

Mikono ya Arlys ilianza kuharibika miaka michache baada ya Emil. Baridi yabisi. Vidole vilipinda, kisu kikawa kinamponyoka. Duka lingefungwa wakati huo kama asingetokea Nohemí Xol, binti wa Guatemala ambaye mumewe Rigo anafanya kazi kwenye mabanda ya nguruwe. Alikuja kununua kitunguu, akamwona Arlys anapambana na mguu wa nguruwe, akazunguka kaunta bila kualikwa, akamtoa kisu mkononi. "Mama, kaa," akasema. Arlys akakaa, na hiyo ndiyo ilikuwa ajira. Baada ya muda Nohemí alikuwa anakata nyama, anaoka, anapanga makopo, anawatania wale wazee wa kahawa mpaka wakawa wanavaa mashati safi.

Na alikuwa akilala wapi? Kwenye karavani nyuma ya maghala ya nafaka, yeye, Rigo na mtoto mchanga. Hakukuwa na nyumba ya kupanga Kessler. Nyumba tupu zilijaa. Ya kupanga hakuna hata moja.

Majira yale ya baridi mabomba ya karavani yaliganda mara kwa mara. Asubuhi moja Nohemí aliingia dukani macho mekundu.

"Mama, mimi sitaki kuondoka," akamwambia Arlys. "Lakini mtoto anakohoa mpaka anabadilika rangi. Rigo anasema kwenye mji wa kiwanda cha nyama kuna nyumba. Kiangazi kikifika tu, tunahama. Labda tupate pa kukaa hapa."

"Tutaona, mwanangu," Arlys akasema.

Nohemí alipoingia jikoni nikamgeukia Arlys. "Tutaona nini? Bila huyu unaweza kuendesha duka?"

Akatazama mikono yake. "Siwezi."

"Nyumba ya mama yake Gaylen ile pale. Vuka barabara ukamwombe."

"Ah, Roxie. Unajua Gaylen hapangishi."

"Umemwuliza?"

"Mtu haulizi vitu vya namna hiyo," akasema, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Ndipo alipoingia Seneta Corliss Brandt, anayetuwakilisha kwenye bunge la jimbo kule Lincoln. Ni binti wa mkulima, anavaa buti zenye tope halisi, na alikuwa ameandika muswada kuhusu miji kama yetu. Muswada ulikuwa na mambo mawili. Serikali isaidie kutengeneza nyumba chakavu na vyumba vya juu ya maduka, wafanyakazi wapate pa kulala. Na mwenye nyumba anayeifunga miaka na miaka bila mtu ndani atozwe kodi ya ziada, mpaka aiuze, aipangishe au achoke.

"Mama Vondra," akasema, kikombe mkononi, "kamati imegawanyika katikati. Mwenyekiti ndiye atakayeamua, na huyo hasikilizi wanasheria. Ameniambia kabisa, 'Niletee mtu wa dukani.' Naomba uje Lincoln siku ya kusikiliza maoni."

"Mimi? Nitasema nini mbele ya wakubwa?"

"Sema ulilonieleza wiki iliyopita. Mkata nyama wako hana pa kulala, na akiondoka unafunga. Kisha uwaombe waupitishe. Basi."

Arlys akafikiri. "Hilo naweza kusema," akasema, nami nusura nimwage kahawa. Katika maisha yake hilo ndilo jibu lililokaribia zaidi kuwa ndiyo.

Habari Kessler haihitaji miguu. Kesho yake asubuhi Gaylen alikaa kwenye meza yake ya kawaida, akakoroga kahawa isiyo na sukari, akasema bila kuinua macho, "Nasikia unakwenda Lincoln Jumanne."

"Nilikuwa nafikiria, ndiyo."

"Na mimi nakwenda. Kwa jambo hilohilo."

"Aa," akasema Arlys.

Kila mtu alijua Gaylen anakwenda kuupinga, na kila mtu alijua Arlys anakwenda kuuombea. Nilingoja waambiane. Badala yake Gaylen akasema, "Barabara ina barafu. Matairi yako yameisha. Hakuna haja ya kuchoma mafuta mara mbili, nitakupitia."

"Oh, sitaki kukusumbua."

"Si usumbufu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi haya, kama una hakika."

Nilimfuata jikoni. "Arlys, umerogwa? Unakwenda kupigana na mtu na unapanda gari lake?"

"Sipigani na mtu, Roxie. Nakwenda kueleza tu."

"Basi nakuja na mimi. Lazima mtu mmoja mle ndani ya gari awe na akili."

Jumanne Gaylen alikuja na pikapu yake imeshapashwa joto. Alikuwa ameweka blanketi kwenye kiti cha mbele kwa ajili ya magoti ya Arlys. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na kamba na dumu la mafuta. Njia nzima, mashamba yamelala chini ya theluji, wale wawili walizungumza kuhusu nyonga mpya ya mchungaji, korongo, wale ndege ambao mwaka huu huenda wakafika mapema, na kama shule bado inawapa watoto maharage ya nyama na mkate wa mdalasini siku za baridi. Kuhusu muswada, kimya. Nilikohoa mara kadhaa. Gaylen akaniuliza kama nataka peremende.

Tulisimama kwenye mkahawa wa njiani. Gaylen alituagizia pai ya tufaa. Arlys akafungua mkoba wake, Gaylen akasema, "Weka mkoba wako, Arlys." Nikauona uso wa Arlys unaanguka. Ni jambo dogo, kipande cha pai, lakini nikajua hapo hapo kwamba tumekwisha. Unawezaje kumpinga mtu hadharani na pai yake bado iko tumboni?

Chumba cha kamati kilikuwa na joto kali na mazulia mazito. Utaratibu wao ni huu: kwanza wanaitwa wanaounga mkono, halafu wanaopinga, na mwisho kabisa wale wanaoitwa wasio na upande. Kiti ni kimoja, wote wanakikalia kwa zamu, na mezani kuna taa: ya kijani unaanza, ya njano unafupisha, nyekundu unanyamaza. Hao wasio na upande kwa kawaida ni maofisa wa idara waliokuja kueleza takwimu. Arlys alivua koti, akatafuta pa kuliweka, na Gaylen akanyoosha mkono akalichukua. Akalikunja vizuri na kuliweka mapajani mwake.

Seneta Brandt akafungua. Wakaja watu wa miji mingine, mwenye gereji, mwuguzi, mwenye kiwanda kidogo cha jibini. Nikamwangalia Arlys. Hakutikisika. Nikaona heri niende mimi kuwasha moto. Nikaketi, nikasema jina langu, nikawaambia, "Waheshimiwa, mnangoja nini? Tubaki makaburi na mahindi? Kessler ina nyumba za kutosha kijiji kingine kizima, na mtoto mchanga analala kwenye kibati!" Nilisema mengi, mengine kwa sauti kubwa, mpaka taa ikawa nyekundu na mimi bado naendelea.

Mwenyekiti, mzee mwenye nyusi nene, akatabasamu. "Asante, mama. Ni mzaliwa wa Kessler?"

"Wa Omaha."

"Ahaa," akasema, na nikaona maneno yangu yote yanaingia sikio hili na kutokea lile.

"Kuna mwingine anayeunga mkono?" akauliza. Nikamkanyaga Arlys mguu. Akasogeza mguu. Mwenyekiti akangoja, kwa kweli alingoja, akiangalia upande wetu, kwa sababu Seneta Brandt alikuwa amemwambia mama wa dukani yumo. "Hakuna? Basi wanaopinga."

Gaylen aliniachia koti la Arlys kwa uangalifu, akaenda mbele. Alikaa kofia mkononi, sauti yake chini kiasi kwamba maseneta walilazimika kuinama.

"Mama yangu alifia kwenye nyumba ile," akasema. "Mimi naitunza. Paa halivuji. Hakuna mtu wa Lincoln aliyewahi kuja Kessler na koleo la theluji, sasa mnataka kunitoza faini kwa kutunza nyumba ya mama yangu. Kwetu, jirani akiwa na shida anakuja kuomba. Jirani hamtumii jirani mwenzake sheria. Ni hayo tu."

Macho yake yalikuwa na maji. Mimi mwenyewe, na hasira zangu, nilimwonea huruma. Akarudi, akachukua koti la Arlys mapajani kwangu, akaliweka tena mapajani kwake.

Wakaja wenye nyumba wengine. Halafu mwenyekiti akasema, "Wasio na upande." Na Arlys Vondra akasimama.

Sikuamini. Nilimshika gauni, akajitoa taratibu kama mtu anayetoa uzi kwenye mwiba. Akaenda, akakaa, akaweka mikono yake iliyopinda juu ya meza chini ya taa, kila mtu akaiona. Na alisema vizuri! Hilo ndilo linaloniuma. Alisema habari za Emil na kaunta, za Nohemí aliyezunguka kaunta bila kualikwa, za mabomba yanayoganda na kikohozi cha mtoto. Alisema, "Akiondoka yeye, nitafunga, na mji hautakuwa na duka." Mwandishi wa kamati aliacha kuandika akawa anasikiliza. Kisha akaongeza, "Na jirani yangu Bwana Hruska ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua, na alilosema lina ukweli wake."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama Vondra, nimekuwa nikingoja kukusikia. Niambie waziwazi. Tuupitishe muswada huu au tusiupitishe?"

Arlys akageuka. Nilidhani ananitafuta mimi. Alimtazama Gaylen, aliyekaa wima na koti lake mapajani kama anamshikia mtoto.

"Mimi nilitaka mjue tu, mheshimiwa," akasema. "Kuna mazuri pande zote mbili."

Seneta Brandt akainamisha kichwa akawa anatazama buti zake. Taa ilikuwa bado ya kijani.

Tuliporudi giza lilikuwa linaingia. Arlys akajifunika blanketi magotini. Halafu Gaylen akasema, "Ulisema vizuri, Arlys. Kwa haki."

"Na wewe pia," akajibu Arlys.

Nilitamani kufungua mlango niruke na dumu la mafuta.

Korongo walikuwa wameshatua mtoni siku kamati ilipouzika muswada. Mwenyekiti alieleza sababu yake: hata mama mwenye duka, ambaye sheria iliandikwa kwa ajili yake, alikaa kiti cha wasio na upande; kama mama huyo hautaki kwa moyo, yeye mwenyekiti ni nani hata aupitishe? Seneta Brandt alikuja mwenyewe kutuambia. Hakumlaumu. Alikunywa kahawa yake, akasema, "Asante kwa kuja, mama," na Arlys akamfungia kolache za kula njiani. Gari lilipoondoka Arlys akaingia jikoni akafungua bomba, na maji yakawa yanamwagika bure. Nilimkuta ameegemea sinki, analia.

"Alikuwa ameshika koti langu, Roxie," akasema. "Ningesema vipi, na koti langu liko mapajani mwake?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilimfungia bomba tu, nikamshika bega.

Shule ilipofungwa kwa likizo ya kiangazi, Rigo aliegesha gari mbele ya duka, karavani imefungwa nyuma. Nohemí aliingia kuaga, mtoto mgongoni. Arlys alikuwa amemfungia visu vya Emil kwenye aproni safi.

Nohemí hakuvipokea mara moja. "Mama, niliambiwa ulikwenda Lincoln kunisemea."

"Nilikwenda, mwanangu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema habari zako zote. Unavyofanya kazi. Mtoto anavyoumwa."

"Ulisema tupewe nyumba?"

Arlys akaanza kukaza fundo la aproni lililokuwa limeshakazwa. Nohemí alimngoja, si kwa ukali, kama mtu anayengoja chenji anayojua haipo. Kisha akachukua visu, akambusu Arlys mikono yote miwili, kidole kwa kidole, akatoka. Hakugeuka nyuma. Simlaumu, ningekuwa mimi nisingebusu.

Arlys alipambana kiangazi kizima. Nilimsaidia nilipokuwa sina basi, lakini mimi na kisu cha nyama ni maadui. Kaunta ya nyama ikafungwa, halafu mikate ikaisha, halafu wale wazee wakaanza kunywa kahawa kwenye gereji. Mahindi yalipokuwa yanavunwa akabandika mlangoni karatasi kwamba duka linafungwa.

Siku ya mwisho alioka kolache. Ilimchukua usiku kucha kwa mikono ile. Mji wote ulipita, wakala, wakamsifia, wakaaga kwa namna yetu ya kuaga: mezani, halafu mlangoni, halafu tena kwenye dirisha la gari. Jioni tukabaki watatu, Arlys, mimi na Gaylen, na sahani yenye kolache moja.

Gaylen akakoroga kahawa yake. "Mimi naenda mjini kila Alhamisi," akasema. "Mnipe mahitaji yenu. Nitawaletea mlangoni. Si usumbufu."

Arlys alikuwa anatazama nje dirishani, ile nyumba nyeupe ikiwaka jua la jioni.

"Gaylen," akasema. "Niliitaka ile nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya mama yako. Kwa ajili ya Nohemí. Niliitaka sana."

Gaylen aliacha kukoroga. Nikamwona shingo inamgeuka nyekundu.

"Mbona hukuniambia?" akasema.

"Inajulikana hupangishi. Yule mwalimu wa hesabu ulimwambia utafikiria."

"Na nilifikiria." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Nilifikiria wiki nzima. Nikaenda nikasafisha bomba la moshi, nikaweka pazia jipya jikoni. Nikamngoja aje kuuliza nimefikiria nini. Hakuja." Akaweka kijiko chini. "Nilisema kule Lincoln, mbele yako, Arlys. Jirani aje aombe. Ulikuwa umekaa palepale. Ningekupa ufunguo kwenye gari tukirudi."

Sijui kama kweli angetoa. Ni rahisi kumkaribisha mgeni akishaondoka, na nina mashaka yangu mpaka leo na lile pazia. Lakini Arlys aliamini. Nilimwona akiamini, na sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka vile. Mficha uchi hazai, na sisi Kessler tumeuficha wetu kwa heshima kubwa mpaka tumebaki wachache wa kuufichana.

Gaylen, kwa kutojua la kufanya, akachukua kisu akaivuta sahani ili aikate ile kolache nusu.

Arlys akamwekea mkono juu ya mkono. "Hapana," akasema.

Akaichukua kolache nzima kwa vidole vyake vilivyopinda, akaila mbele yetu mpaka ikaisha, akijipangusa machozi kwa mkono mwingine, na hakumuuliza mtu kama anaitaka.